Pale Maji Yanapozama

Mvua ikinyesha Kaunti ya Tarleton, wenye bahati hufungua dirisha wakaisikiliza. Ozella Crumpton alikuwa akikimbilia bafuni na tambara. Trela, nyumba ya bati ya kukokotwa, waliyopanga yeye na mumewe kwa miaka kumi na tisa ilikuwa na bomba moja tu la uchafu. Lilipita chini ya sakafu, likatokea nyuma, likaishia kwenye mtaro hatua ishirini kutoka dirisha la jikoni. Jua likiwaka, mtaro ulinuka. Mvua ikinyesha, mtaro ulirudi nyumbani: ulipanda kwa bomba lilelile ukachungulia ndani ya beseni la kuogea, kama mgeni asiyejua kubisha hodi.

"Oze, njoo uwaone," Rayford angeita kutoka mlangoni, ameegemea fimbo. "Wamerudi. Nami nilidhani tumeagana asubuhi."

Ozella angecheka huku amejifunga kitambaa puani. Ukiishi na kinyesi chako miaka kumi na tisa, ama utakicheka ama utalia, na kulia kunataka pumzi nyingi.

Tatizo ni udongo. Udongo wa Tarleton ni mweusi, mzito, na haunywi maji. Ukichimba shimo leo ukalijaza maji, kesho utalikuta limejaa, na chura ameshahamia. Matajiri wa mjini wana mabomba ya serikali. Watu wa barabara za vumbi wana mitaro, na mara mojamoja sherifu, mkuu wa polisi, huwaletea hati ya kuwashtaki kwa kuwa na mitaro.

Wangeendelea hivyo mpaka kufa kama si figo za Rayford, zilizoamua kufa kwanza. Mara tatu kwa wiki gari lilimchukua alfajiri, maili arobaini kwenda na arobaini kurudi, wakamsafishe damu kwa mashine. Alirudi kama shuka lililokamuliwa. Daktari alisema moyo wake hautastahimili mwaka mwingine wa safari zile. Dawa ni mashine ya nyumbani, na mashine haina gharama, inatolewa. Kinachotakiwa ni nyumba safi.

Muuguzi alikuja Februari kuikagua trela. Akanusa. Akatazama beseni. Akafunga fomu yake taratibu kama mtu anayefunga macho ya maiti.

"Mama, siwezi kumwekea mtu mrija wa tumboni ndani ya nyumba hii. Hatafika Krismasi. Tafuteni nyumba nyingine kabla ya Agosti, nafasi yake nitamshikia."

"Na tusipopata?"

"Nitampa mwingine. Wako kumi na mmoja wanaosubiri."

Basi wakatafuta. Watu wa rangi ya Ozella, wenye kipato cha mpishi wa nyumba ya wazee, hawachagui nyumba Tarleton. Nyumba ndiyo huwachagua. Iliyowachagua ilikuwa ya Bi Lenore Stallworth, bibi mzungu wa miaka sabini na kitu ambaye babu yake aliwahi kumiliki kila kilichoonekana kutoka juu ya paa la kanisa. Bi Lenore alikuwa akiuza vipande, kama mtu anayekula mkate kuanzia pembeni. Nyumba yenyewe ilikuwa ya mbao, kuukuu lakini nzima: vyumba vitatu, veranda, mti wa njugu za pekani mbele. Rayford aligonga sakafu kwa fimbo.

"Sakafu hii haicheki," alisema. "Ile yetu nikiikanyaga inanicheka mpaka jirani anasikia."

Ozella alizunguka nyuma peke yake. Kulikuwa na mwinuko mdogo, mwerezi mmoja, na chini ya mwerezi safu ya mimea yenye majani makali kama ya mkonge, ncha juu. Aliihesabu bila kutaka. Sita. Imenyooka kama meza za shuleni.

Hakuna mtoto aliyelelewa kaunti ile asiyejua maana yake. Zamani, aliyekosa fedha za jiwe alipanda mmea ule kichwani pa kaburi, ncha juu, ili aliyelala asiinuke akazurura. Na ile ilikuwa imepandwa karibukaribu mno. Watu wazima hawalazwi karibu hivyo.

"Hayo magugu unaweza kuyang'oa, Ozella," Bi Lenore alisema kutoka verandani. "Yanachoma miguu."

"Ndiyo, Bi Lenore."

Akarudi mbele. Rayford amekaa kwenye ngazi, uso umeelekea jua, anapumua kama mtu aliyeshushiwa mzigo. Ozella hakumwambia kitu. Alimwambia tu kwamba jikoni kuna nafasi ya meza.

Benki ya mkopo wa vijijini ilikubali kila kitu isipokuwa choo. Nyumba ile nayo ilikuwa na mtaro wake, na sheria sasa ilidai tangi la maji taka na ardhi ya kunyonya maji yake. Ofisi ya afya ya kaunti ikamleta mkaguzi, kijana aitwaye Pruett, mtu wa mji wa Birmingham, miwani ya jua na viatu visivyowahi kukutana na tope. Dub, binamu yake Rayford mwenye katapila, alikuja kumsaidia kuchimba vishimo vya majaribio. Wakachimba mbele. Wakamwaga maji, wakasubiri. Maji yakakaa yakiwatazama. Wakachimba kulia, wakachimba kushoto, wakachimba chini ya mti wa pekani. Kila shimo likawa ndoo.

Pruett akapangusa jasho. "Bado pale kwenye mwinuko, penye yale majani. Nitarudi Jumanne. Pale pakikataa, mama, samahani. Kuna mitambo mingine, lakini bei yake ni kama nusu ya nyumba."

Dub alimtazama Ozella. Ozella alitazama viatu vya Pruett.

"Shemeji," Dub akasema kwa sauti ndogo Pruett alipoingia garini, "ule mwinuko…"

"Nimeuona, Dub."

"Nasema tu."

"Hujasema kitu. Endelea hivyohivyo."

Siku ya Jumapili kazini, baada ya kuwagawia wazee chakula cha mchana, Ozella alichukua sahani ya bamia za kukaanga akaenda chumba namba tisa. Humo alikaa Shangazi Mozell Battle, miaka tisini na moja, meno hana, ulimi anao. Hakuwa na mtoto wala mjukuu, kwa hiyo alikuwa shangazi wa kaunti nzima. Alizaliwa kwenye ardhi ya Stallworth, wazazi wake wakilima pamba ya mwenye shamba kwa nusu ya mavuno, nusu ambayo haikufika nusu hata mwaka mmoja. Kama kuna mtu wa kumwambia Ozella kwamba pale nyuma hapana mtu, ni yeye. Ozella alikuwa amekwenda kutafuta neno moja tu: hapana.

"Bamia!" Shangazi Mozell akafurahi. "Umekosa nini, mwanangu? Mtu hakuletei bamia Jumapili hivihivi."

"Sijakosa kitu. Nilipita karibu na nyumba ile ya zamani ya Stallworth, ile yenye pekani."

"Ya Bwana Coker. Msimamizi. Alikuwa na masikio kama milango ya banda." Akatafuna kwa ufizi. "Uliwaona ndugu zangu?"

Ozella akaweka sahani chini.

"Ndugu gani, Shangazi?"

"Wale wa nyuma. Sita. Kifaduro, mwaka mmoja, kuanzia Novemba mpaka Machi. Mimi peke yangu nilibaki, kwa sababu nilikuwa mbaya wa sura, kifo hakikunitaka." Akacheka, kisha kicheko kikaisha chenyewe. "Mama alikataa kuwazika kanisani Nebo. Makaburi ya Nebo yanajaa maji, unajua. Wa kwanza, Lonnie, walipomshusha, sanduku likaelea. Mama akalia mpaka wakamtoa mle. Akaenda usiku na mchana na jembe na ndoo, anachimba kishimo, anamwaga maji, anakaa chini anatazama. Kishimo kingine. Kingine. Mpaka akapata mahali maji yanapozama. Ni palepale, nyuma ya nyumba ya msimamizi. Akamfuata Bwana Coker akapiga magoti. Yule mtu hakuwahi kutoa kitu maishani mwake, siku ile alitoa. Akawapanga wanawe pale kama mikate kwenye sinia, wakavu."

Nje dirishani mtu alikuwa akikata nyasi kwa mashine. Ozella aliisikiliza mashine ile.

"Na mimi nataka hapo," Shangazi Mozell alisema. "Mwisho wa safu, upande wa mwerezi. Mchungaji sijamwambia, atasahau, yule hukumbuka sadaka tu. Nakwambia wewe. Sioni vibaya kufa, Ozella. Naogopa maji. Utawaambia?"

"Nitawaambia, Shangazi."

"Sema tena, sikio hili bovu."

"Nitawaambia."

Siku ya Jumatatu asubuhi, gari la hospitali lilipomchukua Rayford, Ozella alikwenda kwenye mwinuko na jembe, glavu za jikoni na gunia. Alijiambia atazame tu. Alipofika alikuwa ameshaliinua jembe.

Alimwomba radhi wa kwanza. Wa pili pia. Wa tatu alikuwa na mzizi mbishi. Alivuta, ukamtupa chini matako yakasikia, naye akautukana tusi alilojifunza kwa baba yake. Halafu akaomba radhi mara mbili. Mizizi ilikuwa minene kama mkono wa mtoto na ilishuka chini kuliko jembe lilivyoweza kufika, kwa hiyo aliikata tu pale ilipokatikia. Katikati ya majani alikuta vitu walivyowekewa wafu: vipande vya sahani, kome weupe, kikombe cha bati, na kibao cha saa isiyo na mishale. Akavitia vyote guniani. Akasawazisha udongo kwa mkono, kisha kwa mguu, kisha akakwangua majani makavu ya mwerezi akayamwaga juu. Palipendeza. Pangemdanganya hata yeye.

Jumanne Pruett alikuja. Dub akachimba kishimo akiwa amegeuza uso kama mtu anayemchoma mtoto sindano. Wakamwaga maji. Rayford alikuwa verandani, kitini, blanketi magotini ingawa ilikuwa Mei. Wote wanne wakasubiri. Penye wengi pana mengi, lakini pale hapakuwa na hata kikohozi.

Maji yakazama. Yalishuka taratibu, sawasawa, kama yanayokwenda mahali yanapopajua.

"Aisee," Pruett akasema, akiangalia saa yake. "Safi kabisa. Kiwanja kizima hakifai, isipokuwa hapa. Utadhani mtu alipachagua."

"Ndiyo," Dub akasema. "Utadhani."

Ofisini kwa mikopo, swali la kumi na nne la fomu liliuliza kama kuna makaburi kwenye kiwanja. Bi Lenore, upande wake, alikuwa ameandika *Sijui*, kwa mwandiko mzuri wa shule ya kulipia. Jibu hilo lilikubaliwa kwa muuzaji. Kwa mnunuzi kulikuwa na visanduku viwili tu. Ozella alimwona Rayford kupitia kioo, amelala kitini chumba cha kusubiria, mdomo wazi, mkono wake wenye mishipa iliyovimba umelala pajani kama kitu cha mtu mwingine. Akatia alama kwenye *Hapana*. Kalamu iliandika vizuri.

Tangi lilichimbwa Alhamisi moja baada ya mkopo kutoka, saa nne asubuhi, jua kali. Dub alikata shimo la kwanza, la pili, kisha katapila ikanyamaza. Akashuka. Ozella akaenda akasimama karibu naye.

Mifupa haikuwapo. Kulikuwa na udongo wa manjano, laini, wa ajabu kwa kaunti ile, na ndani yake mraba wa udongo mweusi, mdogo kama droo ya kabati. Kando yake mwingine. Dub aliinama akaokota kioo cha taa, cha buluu, kizima. Akakipangusa kwa shati. Hakuna taa kaunti nzima iliyokuwa na kioo kizima kama kile.

"Sema, shemeji," Dub akasema. "Mimi ni dereva tu. Sema nizime mashine, nazima. Sema nichimbe, nachimba. Lakini useme wewe, kwa mdomo wako. Sitaki baadaye niambiwe nilielewa vibaya."

Ozella alitazama nyuma. Rayford alikuwa amehamisha kiti. Sasa alikuwa amewapa mgongo, anatazama barabara ambayo haikuwa na gari.

"Chimba."

Dub alivua kofia akaitundika kwenye mwerezi. Alichimba kichwa wazi mpaka saa nane, upara unamwiva, na hakunywa maji aliyoletewa. Jioni alikataa pia kambare wa kukaanga, yeye ambaye aliwahi kula kumi na mmoja kwenye harusi. Kile kioo cha taa alikiacha juu ya kizingiti cha mlango wa jikoni. Tangu siku hiyo akipita barabarani alipiga honi, lakini hakukata kona kuingia.

Agosti mashine ikaja, na muuguzi akanusa nyumba mpya akasema inanukia mkate wa mahindi. Rayford akaanza kulala usiku kucha. Oktoba akaanza kutembea mpaka sanduku la barua, akirudi na magazeti ya matangazo akiyasoma kwa sauti kama Injili. Ilinyesha, na beseni likabaki jeupe. Mara ya kwanza Ozella alisimama bafuni robo saa, tambara mkononi, akisubiri wageni ambao hawakuja.

Kila Jumapili alimpelekea Shangazi Mozell bamia. Hakukaa tena mpaka sahani iishe.

Shangazi Mozell alifariki wiki ya pili ya Novemba, katikati ya sentensi, akimsimanga muuguzi. Jumatano kanisa la Mlima Nebo likakutana kupanga mazishi. Mchungaji Tolliver alisimama mbele na karatasi.

"Marehemu aliwaambia wauguzi anataka kulazwa na ndugu zake. Mahali hakutaja. Alisema, namnukuu, 'Muulizeni Ozella, yeye anajua, mimi nimechoka kusema.'" Watu wakacheka kidogo, kwa mapenzi. "Dada Ozella, tuambie, tuwahi kuomba ruhusa kwa mwenye ardhi."

Mwenye ardhi alisimama. Viti vya Nebo vina mlio. Kila kiti kililia kwa zamu, watu wakigeuka. Nyuma kabisa Dub alikuwa amekaa, kofia magotini, anaizungusha kama usukani.

Ozella alifungua mdomo. Neno lilikuwapo. Lilikuwa fupi: *Kwangu.* Nyuma ya neno hilo alimwona sherifu na hati, mwenye benki na swali la kumi na nne, na wanaume wawili wakiitoa mashine mlangoni, Rayford akiwafungulia mlango kwa adabu na kuwatania.

"Alikuwa ameanza kuchanganya mambo, Mchungaji," alisema. "Siku za mwisho aliniita kwa jina la mama yake. Sijui mahali popote."

"Maskini," mama mmoja akasema. "Akili ilimtoka."

"Ilimtoka," Ozella akaitikia. Akaketi. Haikuwa imemtoka hata chembe, na watu wawili mle ndani walijua. Mmoja wao aliweka kofia kichwani, kanisani, akatoka.

Walimzika Jumamosi kwenye makaburi ya Nebo, kandokando ya barabara, katikati ya watu asiowajua. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Walipofunua maturubai, shimo lilikuwa limejaa mpaka nusu. Wanaume wakachota kwa ndoo, wakipokezana, na kila walichokitoa udongo ulikirudisha. Mwishowe Mchungaji akasema inatosha. Wakamshusha. Sanduku likagusa maji likakataa. Likageuka kidogo, upande wa kichwa ukainuka, likagonga ukuta wa shimo mara mbili, kama mtu anayebisha hodi. Ilibidi vijana wawili walikandamize kwa makoleo mpaka udongo ulipoanza kulilemea. Kwaya iliimba kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Ozella alirudi nyumbani na viatu mkononi. Rayford alikuwa kwenye kiti chake dirishani, mirija imeunganishwa, mashine inavuma polepole kama paka aliyeshiba.

"Wamemzika?"

"Wamemzika."

"Palikuwa na maji?"

"Palikuwa."

Rayford akatazama nje. Mbele yake, nje ya dirisha, nyasi mpya ilikuwa imeota juu ya mitaro ya kunyonyea maji. Ndani ya nyasi, kwa mstari, zilikuwa zimetokeza ncha za kijani, fupi, ngumu. Ozella aliziona wiki iliyopita na hakuzigusa. Nne. Nyingine mbili zilikuwa chini ya tangi.

"Mimi nikienda, Oze," Rayford akasema, "nipelekeni Nebo vilevile. Majini. Usihangaike kunitafutia mahali. Huko nyuma kumeshajaa."

Ozella akashika ukingo wa meza. "Umejua tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza, Bi Lenore alipokwambia uyang'oe magugu."

"Na ukakaa kimya."

"Nilizaliwa kaunti gani, mke wangu? Ufaransa?" Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamtoka nusu. "Nilitaka kuishi. Nikakuachia wewe ukang'oe. Hilo ndilo nililofanya mimi. Nililala garini nikakuachia jembe."

Mashine ikalia mlio wake mdogo, kuonyesha kwamba imemaliza. Ozella akafungua mirija kama alivyofundishwa, akachukua mfuko uliojaa maji ya manjano yaliyotoka tumboni mwa mumewe, akaupeleka chooni. Akaumwaga. Akavuta mnyororo.

Maji yalizunguka mara moja, yakashuka. Akasimama akisikiliza yanavyopita chini ya sakafu ile isiyocheka, chini ya jikoni, kuelekea nyuma. Hayakurudi.